Kisima Kisichokuwa Ramanini

Vijana niliowaachia meza yangu walinipa saa ya ukutani siku ya kuniaga, kisha mmoja wao akaniomba niwaandikie kazi ilikuwaje zamani. Nadhani alikuwa anatafuta la kusema kabla soda hazijafika. Bahati yake mbaya, mimi huchukua maneno ya watu kwa uzito wake. Sasa niko nyumbani Mambrui, sina ripoti ya kupeleka popote, na kalamu bado inanitii. Basi someni, mlijitakia wenyewe.

Sitaeleza nilipandishwa cheo lini. Barua za vyeo zimo kwenye faili langu, na faili hilo limeliwa na mchwa. Najua, kwa sababu mimi ndiye niliyeandika ripoti ya mchwa.

Niliripoti kazini Malindi mwanzoni mwa miaka ya themanini, na sanduku la bati na viatu vipya vilivyonichubua visigino. Watu wetu wa pwani humwita mkaguzi wa afya Bwana Afya, na hakuna aliyewahi kufikiria itakuwaje siku bwana mwenyewe atakapokuja amevaa buibui. Asubuhi ile ya kwanza nilitumwa kukagua hoteli moja ya sokoni. Mwenye hoteli aliponiona mlangoni akaniambia kwa upole, “Karibu dada, keti. Bwana Afya hajafika bado, lakini tumeshafagia.”

Nikamwambia Bwana Afya ndiye mimi. Alinitazama kutoka utaji mpaka viatu, akageuka jikoni akapaza sauti: “Jamani, funikeni mchuzi! Bwana Afya kafika, naye ni binti wa watu!”

Tangu siku hiyo nikawa Bwana Afya. Jina langu Zuhura lilibaki la nyumbani na la msikitini. Hata mume wangu, Mungu amrehemu, alipokuwa akinitafuta mjini alilazimika kuuliza, “Bwana Afya kapita wapi?” na wasiotujua wakimwangalia kwa huruma.

Aliyenifunza kazi ni Mzee Karisa, Mgiriama mfupi mwenye sharubu nyeupe, na kaptura ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikaweza kusimama bila yeye. Aliniwekea vyombo vyangu mezani: futi ya kitambaa, tochi isiyo na betri, na kioo cha mkono cha kujitazamia. Nikadhani ananikejeli.

“Mzee, kioo cha nini?”

“Cha kuangalia visima, mwanangu. Tochi ya serikali ni ya kuwekea sahihi tu.”

Akanipeleka kwenye kisima cha mji wa kale, akalinasa jua kwa kioo, na mwanga ukateremka ndani kama kamba nyeupe mpaka chini kabisa. Niliona ndala moja, kifuniko cha sufuria, na chura aliyetuangalia kama tumeingia kwake bila hodi.

“Andika,” akasema Mzee Karisa.

“Niandike na chura?”

“Andika vyote. Ila usimwandikie chura ilani. Yeye ndiye pekee anayestahili kuwemo.”

Somo lake la pili nililipata bara ya Kilifi, kwenye mji, yaani boma, wa mzee mmoja aliyejenga choo cha shimo kizuri kuliko nyumba yake. Mlango wa mbao, paa la makuti mapya, njia imefagiwa. Nilikuwa nimeshaandika neno “safi sana” nilipoufungua mlango. Ndani mlikuwa na magunzi ya mahindi hadi juu, na kuku ameatamia mayai.

“Mzee,” nikamwuliza mwenye mji, “mbona hamkitumii?”

“Mlituambia tujenge,” akajibu. “Hamkutuambia tuingie.”

Nilitaka kumwandikia ilani pale pale. Mzee Karisa akanikanyaga mguu, akanituma kwa wanawake jikoni. Huko ndiko nilikoelezwa kwa kunong’onezwa kwamba mke wa mtoto hawezi kuingia choo kimoja na baba mkwe wake. Ni aibu isiyo na dawa. Hivyo choo kimoja kilikuwa sawa na hakuna choo. Tulirudi baada ya mwezi, vyoo vikawa viwili, na Mzee Karisa akaandika kwenye ripoti: “Kuku amehamishwa kwa hiari yake.” Akaniambia tukiwa njiani, “Usiulize kama choo kipo, Zuhura. Uliza nani kaingia asubuhi ya leo.” Ningelishika neno hilo vizuri, nisingekuwa na haya ninayotaka kuwasimulia.

Mwaka wa tatu au wa nne wa kazi yangu alivuka feri pale Mnarani kijana mmoja aliyetoka Nairobi, Bwana Mutiso, mpangaji wa miji, amekumbatia mirija ya ramani kama mama aliyejifungua pacha. Alikuwa mtu mwenye adabu, msomi, na soksi zake zilikuwa nyeupe. Nilizionea huruma mapema.

Tulikutana kwenye kamati iliyoundwa kushughulikia Kisumu Ndogo. Mtaa ule ulikuwa umejaa watu waliokuja kutafuta kazi za mahoteli: nyumba za udongo, vyoo vya viraka vya bati, na vichochoro ambavyo watu wawili walipishana kwa kukubaliana. Bwana Mutiso akatandaza ramani yake, akaweka kidole.

“Hapa, kwa mujibu wa ramani, ni mahali wazi.”

“Bwana Mutiso,” nikamwambia, “hapo ulipoweka kidole umemtia Bi Kadzo kidole cha jicho.”

Kamati ikacheka, yeye akaandika kitu kwenye daftari. Nilikuja kuliona daftari hilo baadaye. Alikuwa ameandika: “Kadzo ni nani?” Hilo ndilo lililonifanya nianze kumheshimu, maana wengi hawakuuliza.

Lakini kwa mwaka mzima tulivutana. Yeye aliamini maradhi ya mtaa yanatokana na msongamano. Toa nafasi, nyoosha barabara, ingiza upepo na lori la taka, na watu watapona. Mimi niliamini maradhi yanatembea kwa miguu ya nzi na mikono ya binadamu, na kwamba afya ni masafa baina ya choo na kisima. Alikuwa akichora, mimi nikinusa. Aliniita mtu wa ndoo, nikamwita mtu wa rula. Mzee Karisa aliposhikwa bega aseme yuko upande wa nani, alisema, “Afya ni mtoto asiyeharisha. Mengine ni chai ya kikao.”

Kisha watoto wakaanza kuharisha kweli.

Ilikuwa baada ya mvua za masika. Kwa juma moja tuliwaona watoto wengi wa upande mmoja wa Kisumu Ndogo wakibebwa hospitalini, macho yameingia ndani. Mmoja wao alikuwa Sidi, mjukuu wa Bi Kadzo, mtoto wa miaka mitatu aliyezoea kunifuata kila nikipita, akiniambia “Bwana, Bwana” na kunivuta buibui. Nilimkuta amelazwa na dripu mkononi, hanijui. Nilikaa pale dakika chache tu, nikatoka, nikafanya lile ambalo afisa hulifanya akiogopa: nikatumia sheria.

Bi Kadzo alikuwa mjane wa makamo, mpishi wa mahamri, na kisima cha upande ule kilikuwa uani kwake. Nilikwenda na fundi, tukakigongomea mbao, nikabandika ilani. Kesho yake mbao zilikuwa zimegeuka kuni chini ya karai la mahamri, na ndoo zinapanda na kushuka.

“Shikamoo mama,” nikasema, kwa sauti ya sheria.

“Marahaba, Bwana Afya. Chukua hamri, bado lina moto. Ni mbao zako.”

“Mama, maji haya ndiyo yaliyomlaza Sidi.”

Akaacha kukanda. “Hilo nimelisikia. Sasa niambie mwanangu, umefunga kisima, umefungua nini?”

Bomba la karibu lilikuwa mwendo wa nusu saa, na lilikauka kila likijisikia. Sikuwa nimefungua kitu. Nilisimama pale na hamri mkononi, na sheria yote upande wangu.

Kwenye kamati, Bwana Mutiso aliona nafasi yake. Akapendekeza safu ya nyumba kumi na nne ivunjwe, ya Bi Kadzo ikiwemo, ipite barabara pana, na watu wahamishiwe mbali, upande wa mashamba. “Vyoo vyao vimegusana na kisima,” akasema. “Ni nani hapa anabisha?” Hakuna aliyebisha. Hata mimi, kwa masafa yale, sikuweza. Mwenyekiti akatoa majuma matatu kabla ya uamuzi, na habari ikafika Kisumu Ndogo kabla sisi hatujafunga mafaili.

Mzee Karisa alinikuta nimekaa ofisini nimeshika kichwa.

“Umejuaje ni vyoo vyao?” akauliza.

“Viko karibu.”

“Hata mimi niko karibu nawe, na si mimi niliyekula ndizi zako. Alikula karani.”

Akatoka na baisikeli mpaka stendi, akasafiri Marereni kwa binamu yake anayefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, akarudi na magunia ya chumvi ya mawe. Mpango wake ulikuwa mwepesi kiasi cha kutisha. Unamimina chumvi ndani ya choo unachokishuku, unafuatisha ndoo za maji, unangoja. Kama choo kinavuja kisimani, chumvi itafuata njia ile ile.

“Lakini maji ya Malindi yote yana chumvichumvi,” nikamwambia.

“Ndiyo maana tunahitaji mtu anayeijua ile ya kawaida. Na tutie nyingi, ya kumkera mpika chai.”

Bi Kadzo akawa maabara yetu. Kila alfajiri alichota, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema, akatoa ripoti kwa mtoto yeyote aliyekuwa akija mjini. Majirani tuliwaomba wachemshe maji yote, na walitii kwa kuwa aliyeomba alikuwa Bi Kadzo, si mimi. Tukamimina chumvi kwenye vyoo vitatu vilivyokuwa jirani kabisa na kisima. Siku ya pili, hakuna. Siku ya tano, hakuna. Siku ya nane akanitumia ujumbe: “Mwambie Bwana Afya maji ni yale yale ya siku zote. Kama ana chumvi ya kuchezea, ailete nitie kwenye samaki.”

Nilizunguka mtaa ule nikiwa na futi yangu ya kitambaa, nikitafuta choo kingine cha karibu. Hapakuwa na kingine, ila upande wa juu, nyuma ya ukuta mweupe, kulikuwa na nyumba ya Bwana Swaleh ya vyumba vya kupangisha. Nyumba ya mawe, vyoo vya kuvuta, karo la maji machafu lililofunikwa kwa zege. Nyumba ya kupigiwa mfano. Sikuwahi hata kuifikiria, kwa sababu ilikuwa na kibali.

“Kibali si kizibo,” akasema Mzee Karisa.

Bwana Swaleh alikuwa muuza vitambaa, mkarimu, asiyependa makuu. Tulipofika na gunia akauliza ni nini.

“Dawa,” akasema Mzee Karisa bila kupepesa.

“Dawa ya nini, mzee wangu?”

“Ya kutafuta ukweli. Haina harufu.”

Tukamimina mchana kweupe, wapangaji wakitusaidia kuvuta maji kwa furaha, maana watu hupenda kuvuta choo kwa amri ya serikali.

Siku ya nne ujumbe wa Bi Kadzo ulibadilika. “Njooni chai ya saa kumi. Yule wa makaratasi msimwache.”

Bwana Mutiso alikuja na soksi zake. Akakaribishwa kwenye kiti chenye mgongo, akapewa kikombe kikubwa, na Bi Kadzo akaketi mbele yake na mikono mapajani, anamtazama. Mimi na Mzee Karisa tulikuwa tumeambiwa tukae kimya. Kijana akapiga funda la kwanza. Nikaona koo lake likisimama, likafikiri, likashuka. Alilelewa vizuri sana, maskini: hakutema. Akapiga la pili. La tatu. Machozi yakamlenga, lakini akakimaliza kikombe chote mpaka chini.

“Mashallah,” akasema Bi Kadzo, “mgeni amependa,” na akakijaza tena.

“Mama,” akasema Bwana Mutiso akishika kikombe kwa mikono miwili, “chai ya pwani huku... mnatia kiungo gani?”

“Kiungo cha Bwana Swaleh. Usiogope, baba, imechemka mpaka ikaomba radhi.”

Mzee Karisa alikuwa ameinama kama anatafuta kitu chini ya kiti. Nikamweleza Bwana Mutiso habari ya chumvi tangu mwanzo: vyoo vya udongo vilivyokaa kimya siku nane, na karo la zege lililosema siku ya nne. Alisikiliza. Hakukasirika. Akauliza swali moja tu, na mpaka leo nawaombea nyote muwe watu wa kuuliza maswali kama hilo.

“Nani alipitisha karo kuchimbwa pale?”

Nilicheka. Nikasema nitaangalia faili.

Nililiangalia siku ile ile, jioni ofisi zikifungwa. Mchoro ulikuwa safi: nyumba, ukuta, karo, na upande wa chini, ambapo Bi Kadzo alikuwa akichoma mahamri kwa miaka, karatasi nyeupe. Hakuna nyumba, hakuna kisima. Mchoraji alinakili ramani ya ofisi ya mipango, na ramani ilisema mahali wazi. Chini yake ulikuwa muhuri wa afya, na sahihi. Niliijua ile Z kabla sijaisoma. Niliikumbuka na siku yenyewe: mvua kubwa, mafaili mengi, na viatu vyangu vimelowa. Sikutaka kutoka. Nilipima masafa kwa rula, juu ya meza.

Nitawaambia ukweli. Nilifikiria kulipoteza. Si kazi ngumu kulipoteza faili katika ofisi yenye mchwa. Nililifunga, nikaliweka chini ya mengine, nikafika mlangoni. Hapo nikaiona akilini mikono midogo ya Sidi iliyochomwa dripu. Alikuwa amesharudi nyumbani, anatembea tena, lakini amekonda hata bangili zikawa zinamtoka. Nikarudi nikalichukua faili, nikalala nalo nyumbani, ili mimi mwenyewe nisije nikaliwahi asubuhi.

Kwenye kamati nilisimama, nikasoma mchoro, tarehe ya muhuri, kisha jina langu lote na la baba yangu. Mwenyekiti alidhani nimekosea ukurasa. Nikasema, “La, bwana. Karo linalotia watoto maradhi limepitishwa na Bwana Afya, na Bwana Afya ni mimi. Sikwenda kuangalia.”

Kisha Bwana Mutiso akasimama naye.

“Angekwenda angekiona kisima,” akasema. “Lakini tuliokifuta ni sisi. Ramani ni ya ofisi yangu, na nimeitumia mwaka mzima bila kuitembelea.”

Bwana Swaleh, aliyekuwa ameitwa kujieleza, akainua mkono kama mwanafunzi. “Mimi nilifuata karatasi yenu. Muhuri wenu nimeutia kwenye fremu, uko sebuleni. Sasa niutoe?”

Nilipata barua ya onyo, niliyoistahili. Karo la Bwana Swaleh lilikaushwa, likachimbwa jipya mbali upande mwingine, na ndani likajengewa kuta zisizovuja, naye akatoa saruji zaidi ya tuliyomwomba. Kisima kilichotwa maji yote, kikatiwa dawa, kikapata ukingo wa mawe na kifuniko. Barabara ilipita, msidhani haikupita, lakini ilipinda. Nyumba tatu ndizo zilizoondoka badala ya kumi na nne, na wenyewe walipewa viwanja kabla ya kuvunjiwa, si baada. Niliwahi kumsikia mkubwa mmoja akilalamika kwamba barabara ya Kisumu Ndogo imepinda kama aliyeichora alikuwa amelewa. Hakuwa amelewa. Alikuwa ametembea.

Kwa juma zima Bwana Mutiso alipita vichochoroni na ubao wake wa kuchorea, Bi Kadzo mbele akimtajia nani anakaa wapi, na soksi zikawa na rangi ya mtaa. Ramani mpya ilipokamilika aliileta kwanza uani kwa Bi Kadzo, akaitandaza juu ya jamvi. Bi Kadzo hakujua kusoma, lakini aliiangalia kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote kwenye kamati.

“Mimi niko wapi?”

Akamwonyesha kisanduku kidogo.

“Na hiki kijishimo ni nini?”

“Choo chako, mama.”

“Choo changu hakipo hapo.”

“Nimekisogeza,” akasema Bwana Mutiso kwa upole. “Bwana Afya na mimi tumekubaliana kikae upande wa chini, mbali na kisima. Hakijavuja bado, lakini hatutaki kungoja. Kiende chini futi ishirini.”

“Mmekubaliana.” Akatuangalia mmoja mmoja. “Vizuri. Basi Jumamosi njooni mkichimbe.”

Tulicheka. Bi Kadzo hakucheka.

Jumamosi Bwana Mutiso alikuja na sululu ya kuazima na kofia ya mkeka. Udongo wa juu ulimdanganya, akashuka haraka mpaka kiunoni, akaanza kupiga mluzi. Kisha akafika kwenye mwamba wa matumbawe, na mluzi ukakatika. Majirani walileta viti. Adhuhuri alikuwa amefika kifuani, malengelenge yamepasuka, shati amelifunga kichwani. Akaegemea ukuta wa shimo, akainua uso kuniangalia.

“Bwana Afya, kumbe futi ishirini ni nyingi hivi?”

“Kwenye mchoro wako ni upana wa kidole.”

“Na kwenye fomu zako?”

Nilikuwa nimeshajifunga kanga kiunoni, na Bi Kadzo alikuwa ananinyooshea sululu ya pili.